Vyuma mguuni: maswali tunayoulizwa wodini kuhusu misumari na pleti

Jumatatu asubuhi ndiyo siku ngumu kwenye wodi ya mifupa. Ajali za Ijumaa hadi Jumapili zimeshafika zote, vitanda vimejaa, na kila kitanda kina maswali yale yale. Nimeyaandika kama yanavyoulizwa, na majibu ni yale ninayoyatoa mimi muuguzi huku nikibadilisha kidonda. Nazungumzia mifupa miwili: wa paja, na ule wa mbele chini ya goti unaoitwa muundi. Nyonga za wazee ni habari nyingine kabisa, nazo zinastahili ukurasa wake.

Kwa nini nisifungwe P.O.P. (hogo la plasta) tu, nikapumzika nyumbani?

Paja limezungukwa na misuli mikubwa yenye nguvu. Mfupa ukivunjika katikati, misuli hiyo haitulii: inavuta vipande hadi vinapandiana, na mguu unakuwa mfupi. Kwa mtu mzima hakuna hogo linaloweza kushindana nayo. Ndiyo maana tangu zamani, na hata leo pale pasipo na vifaa, mgonjwa hupitishwa pini chini kidogo ya goti, akafungiwa uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda, akalala chali kwa wiki 6 hadi 12. Siidharau njia hiyo, imeunga mapaja mengi. Lakini piga hesabu: miezi miwili au mitatu ya kulala, vidonda vya mgongoni, goti kukakamaa, hatari ya damu kuganda, na duka lako limefungwa muda wote huo. Halafu mara nyingi mguu unaunga ukiwa mfupi kidogo au umepinda.

Muundi una habari tofauti. Ukivunjika bila vipande kuhama, na ngozi ikiwa nzima, hogo linaweza kutosha kabisa. Ukiambiwa huhitaji upasuaji, usidhani umepuuzwa kwa sababu huna pesa.

Huo msumari unakaa wapi hasa? Mimi nilifikiri wanapigilia kwa nje.

Wengi hufikiri hivyo, na neno lenyewe ndilo linalowaponza. Mfupa mrefu ni kama mwanzi, una uwazi katikati uliojaa uboho. Msumari ni fito ya chuma inayoingizwa ndani ya uwazi huo, kutoka ncha moja kuelekea nyingine, ikapita pale palipovunjika. Kisha skrubu hupitishwa kukingama mfupa, zikapenya matundu ya msumari, juu na chini. Bila skrubu hizo msumari ungeshika mfupa usipinde, lakini mguu ungeweza kuzunguka au kufupika.

Kwenye paja, msumari huingia kwa juu karibu na nyonga, au kwa chini kupitia gotini. Kwenye muundi huingia kwa juu, mbele ya goti. Kwa hiyo usishangae mfupa umevunjika katikati ya mguu halafu unaona nyuzi gotini.

Aliyeanzisha njia hii kwa namna tunayoijua ni Gerhard Küntscher, mpasuaji wa mjini Kiel, Ujerumani, mwaka 1939. Wakati wa vita vikuu vya pili, mateka waliotibiwa huko walirudi makwao wakitembea, madaktari wao wakapiga picha na kukuta chuma kirefu ndani ya paja. Hawakuamini macho yao. Skrubu za kukingama zilikuja kuenea baadaye, kuanzia miaka ya 1970.

Na pleti? Nani anaamua nipewe ipi?

Pleti ni bamba la chuma lenye matundu, linalolazwa juu ya mfupa na kukazwa kwa skrubu. Anayeamua zaidi ni mahali ulipovunjika. Katikati ya paja au katikati ya muundi, msumari ndio chaguo la kwanza. Karibu na goti au karibu na kifundo cha mguu, ambako mfupa umetanuka na msumari hauna pa kushika, pleti hufanya kazi vizuri zaidi. Mpasuko ukiingia ndani ya kiungo chenyewe, vipande lazima vipangwe vikae sawasawa kabisa, maana uso wa kiungo ukibaki na ngazi utasagika.

Kuna tofauti moja ambayo ndugu wa wagonjwa huielewa haraka nikiwaeleza kwa mfano wa mwenge. Mwenge ukishikwa katikati ya mpini, mkono haulemewi upande. Msumari uko katikati ya mfupa hivyo hivyo, unabeba uzito pamoja nao. Pleti iko ubavuni, kila hatua inaikunja kidogo. Ndiyo maana mwenye pleti huambiwa asikanyage mapema, na mwenzake wa msumari yuko koridoni na magongo siku ya pili.

Hicho chuma ndicho kinachounga mfupa?

Hapana. Swali hili ndilo ningependa kila mgonjwa aliulize.

Chuma kinashika tu. Anayeunga ni mwili wako: damu iliyovuja pale huganda, chembe hai zikaingia, ukatengenezwa utando laini, ukageuka kuwa mfupa mchanga unaoonekana kwenye picha kama wingu jeupe, kisha ukakomaa. Kazi hiyo huchukua miezi. Kwa paja la mtu mzima, kadiria miezi 3 hadi 6. Muundi mara nyingi huchelewa zaidi, hasa kama kulikuwa na jeraha, kwa sababu upande wake wa mbele una ngozi tu juu yake, hauna nyama ya kuulisha damu.

Na chuma nacho huchoka. Chukua kipande cha waya, ukikunje na kukikunjua, mara ya ishirini kitakatika. Msumari na pleti ni hivyo hivyo. Tangu siku ya upasuaji kuna mashindano: mfupa uunge kwanza, au chuma kikatike kwanza. Nikiona pleti iliyokatika kwenye picha, silaumu chuma. Nauliza mfupa ulikuwa unangoja nini. Mara nyingi jibu ni mojawapo kati ya haya: kulikuwa na maambukizi, mgonjwa alikanyaga kwa uzito wote wiki ya tatu, vipande viliachana sana, au sigara. Sigara hubana mishipa midogo ya damu, na mfupa usiopata damu haujengi kitu. Ukitaka kuacha kuvuta, hakuna sababu nzuri kuliko muundi uliovunjika.

Tulivunjika siku moja na mwenzangu. Mimi nimewekewa msumari, yeye ana vyuma nje kama antena. Kosa ni la nani?

Si la mtu. Mwenzako pengine mfupa wake ulitoboa ngozi. Mfupa uliotoka nje umegusa lami, mchanga, suruali, na kila kilichokuwa barabarani. Hatari kubwa ni usaha kuingia hadi ndani ya mfupa, na usaha wa mfupa ukishajenga makazi unaweza kumsumbua mtu miaka. Mgonjwa wa namna hiyo hupewa antibiotiki mapema, katika saa za kwanza na si kesho yake, pamoja na kinga ya pepopunda. Kisha kidonda huoshwa kwa maji mengi chumba cha upasuaji na nyama iliyokufa hukatwa. Vyuma vya nje hushika mfupa bila kuweka kitu kikubwa ndani ya eneo chafu.

Hilo halina maana kwamba kila jeraha la wazi lazima lipate vyuma vya nje. Swali hilo lilifanyiwa utafiti hapa hapa Dar es Salaam, kwa wagonjwa wa muundi wenye vidonda vya wazi waliogawanywa kwa bahati nasibu, wengine msumari, wengine vyuma vya nje. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Baada ya mwaka mmoja, vifo na kurudi chumba cha upasuaji havikutofautiana kwa kiasi cha kuamua, ila waliopata msumari mifupa yao ilinyooka vizuri zaidi. Nayataja kwa sababu wagonjwa wetu wengi huamini kila kitu kuhusu mifupa kimegunduliwa ng'ambo.

Je, upasuaji huu unaweza kufanyika hospitali isiyo na mashine kubwa?

Ndiyo, kwa kiasi fulani. Kazi ngumu kwenye msumari ni kupata tundu la skrubu la chini, ambalo limejificha ndani ya mfupa. Nchi tajiri hutumia mashine ya eksirei inayoonyesha picha papo hapo wakati wa upasuaji. Hospitali nyingi hawana, au wanayo imeharibika.

Daktari mmoja Mmarekani, Lewis Zirkle, aliyehudumu kwenye vita vya Vietnam, alianzisha shirika la SIGN mwaka 1999 huko Richland, jimbo la Washington, kwa ajili ya tatizo hilo hasa. Msumari wao ni chuma kilichojaa, hauna uwazi ndani, na unakuja na fremu inayofungwa kichwani mwake. Fremu ndiyo inayoelekeza keekee itoboe wapi, na daktari hulitafuta tundu kwa kulihisi na kifaa. Shirika hutoa misumari kwa hospitali zilizo kwenye mpango bila kuziuzia, na hospitali hurudisha taarifa na picha za kila mgonjwa. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996, ni miongoni mwa zilizotumia sana misumari hiyo. Chuma kupatikana bure hakuna maana mgonjwa halipi chochote. Chumba cha upasuaji, dawa na kitanda vina gharama zake, kwa hiyo uliza mapema, na uliza kwa maandishi.

Nitalazwa nusukaputi? Naogopa nisiamke.

Wengi hudungwa sindano ya ganzi mgongoni. Miguu inalala, wewe uko macho. Utasikia nyundo. Nakuambia mapema ili usishtuke, maana msumari hugongwa kweli, na sauti yake inafanana na ya fundi seremala. Haiumi. Ukiona itakuogofya, mwambie mtoa usingizi kabla, anaweza kukupa dawa ya kukutuliza.

Nitakanyaga lini?

Hili halina jibu moja. Msumari kwenye mfupa uliovunjika kwa mstari mmoja, vipande vinagusana: mara nyingi unaanza kukanyaga kwa magongo ndani ya siku chache, kadiri maumivu yanavyoruhusu. Msumari kwenye mfupa uliosagika: taratibu zaidi. Pleti karibu na goti: kugusisha kidole tu kwa wiki 6 hadi 12, hadi picha ionyeshe mfupa mpya.

Lakini kutokanyaga si kutosogeza! Hapa ndipo ninapogombana na mama wakwe na shangazi. Mgonjwa anarudi nyumbani, anawekewa mto chini ya goti, anaambiwa "tulia mwanangu usijitoneshe", na baada ya wiki sita goti limeganda kama bawaba yenye kutu. Goti hukunjwa na kunyooshwa kila siku, hata linapouma. Kifundo huchezeshwa juu na chini mara nyingi kwa siku. Mto chini ya goti nimeupiga marufuku wodini kwangu.

Dalili gani zinanirudisha hospitali bila kusubiri kliniki?

Ya kwanza inakuja mapema, saa au siku za mwanzo, hasa kwa muundi: maumivu yasiyolingana na hali, shavu la mguu limekaza kama ngoma, na ukivutwa vidole vya mguu unapiga kelele. Presha imepanda ndani ya misuli na damu haipiti. Saa sita zinatosha kuua misuli. Usikubali kuambiwa "ni kawaida ya kuvunjika". Kama una hogo lifunguliwe, na daktari aitwe usiku huo huo.

Kwa paja, katika siku tatu za kwanza tunaangalia pumzi. Mafuta ya uboho yanaweza kuingia kwenye damu na kufika mapafuni. Mgonjwa anahema, anaanza kuongea yasiyoeleweka, na vidoa vidogo vyekundu vinatokea kifuani. Ndugu husema "amechanganyikiwa kwa mawazo". Mwite muuguzi.

Baadaye: usaha au majimaji kwenye kidonda, homa, shavu la mguu kuvimba upande mmoja na kuuma, kifua kubana ghafla.

Mzee wangu anataka nipelekwe kwa mganga wa kuunga mifupa.

Sitamtukana mzee wako. Wapo waungaji wenye mikono mizuri kwa mvunjiko mwepesi uliofungika. Wapo pia wanaovunja mguu wa kuku, wakasema kuku akitembea na wewe utatembea. Kuku atatembea mapema kweli, mfupa wake ni mwembamba na huunga upesi. Wako wa paja hauko kwenye ratiba yake.

Ninachokiogopa ni vitu viwili: vijiti vilivyofungwa kwa kukaza sana hadi vidole vikawa vyeusi, na muda. Mgonjwa anayekuja baada ya wiki mbili bado tunaweza kumsaidia vizuri. Anayekuja baada ya miezi mitatu, mfupa umepandiana na umeshaanza kuunga vibaya. Daktari lazima auvunje upya, aukate, aurefushe. Upasuaji wa saa moja umekuwa wa saa nne, na damu ya kuongezwa juu yake. Kama mzee anasisitiza, mwache aje wodini aone picha. Picha ya eksirei huwa inamaliza mabishano mengi kuliko mimi.

Supu ya kongoro inasaidia?

Inasaidia tumbo na moyo wa mgonjwa. Ute wake si gundi ya mfupa kama wengi wanavyoamini, ukifika tumboni unasagwa kama chakula kingine. Mfupa unataka protini ya kutosha, madini ya chokaa na jua. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni dawa nzuri na ya bei nafuu, pamoja na maharage, mayai, maziwa, mboga za majani. Kunywa kongoro lako, ila usiache dagaa.

Nitaweza kusujudu? Kupiga magoti kanisani? Choo chetu ni cha kuchuchumaa.

Kwenye vijitabu vingi huwezi kulikuta swali hili, na kwetu huja kila wiki. Waliowekewa msumari wa muundi wengi hubaki na maumivu mbele ya goti wanapopiga magoti, kwa sababu ndipo ulipoingilia. Hupungua kadiri miezi inavyopita, kwa wengine hayaishi kabisa. Miezi ya mwanzo sali ukiwa umekaa kwenye kiti, dini inaruhusu mgonjwa. Baadaye, mkeka mnene au kipande cha godoro chini ya goti husaidia. Chooni, tafuteni kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati, fundi wa mtaani anakitengeneza kwa dakika chache.

Vyuma vitatolewa?

Kwa mtu mzima asiyesumbuliwa navyo, si lazima. Vinaweza kukaa maisha yote. Hutolewa kama skrubu inachoma chini ya ngozi, kama kuna maambukizi, au kwa watoto. Na havitolewi mfupa haujakomaa, kwa kawaida mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Baada ya kutolewa, matundu ya skrubu ni sehemu dhaifu kwa wiki kadhaa, kwa hiyo mpira wa miguu usubiri.

Vitapata kutu? Vitalia uwanja wa ndege? Vitavuta radi?

Kutu, hapana kwa maana ya msumari wa bati. Ni chuma cha pua chenye kromiamu na nikeli, au titani. Uwanja wa ndege mashine inaweza kulia, waambie tu, wanayaona kila siku. Radi haichagui mtu mwenye pleti. Baridi ya asubuhi kuuma, hilo wagonjwa wengi wananiambia, hasa wa Mbeya na Arusha, nami siwabishii.

Mtoto wa miaka saba naye anawekewa msumari?

Si ule wa watu wazima. Mtoto ana sehemu za kukulia mwishoni mwa mifupa, zikitobolewa mguu unaweza kuacha kukua sawa. Umri huo hutumika fito mbili nyembamba zinazonyumbulika, huingizwa kwa pembeni mbali na sehemu hizo. Chini ya miaka mitano mara nyingi hogo la kuanzia kiunoni hutosha, na mifupa yao huunga upesi mno hadi wazazi hushangaa.

Nilipata ajali barabarani. PF3 ni ya nini?

Ni fomu ya polisi kwa mtu aliyejeruhiwa, utaihitaji ukidai bima ya gari lililokugonga. Ndugu mmoja aende kituoni huku mwingine akibaki na mgonjwa. Na tafadhali, mtu aliyevunjika paja msimpakie kwenye pikipiki katikati ya watu wawili. Paja linaweza kuficha lita 1 au zaidi ya damu bila tone kuonekana nje. Fungeni mguu kwenye ubao, au kwenye mguu mwingine usiovunjika, kisha tafuteni gari.

Miezi tisa imepita na mfupa haujaunga. Basi ndiyo mwisho?

Sivyo. Kuna kubadilisha msumari kwa mnene zaidi, kuna kuweka mfupa uliochukuliwa nyonga yako mwenyewe, kuna kusafisha usaha kwanza kisha kuanza upya. Safari ni ndefu, lakini waliofika mwisho wake nawaona wakipita getini. Usiache kliniki kwa aibu kwamba "wamenishindwa".

Mimi ni bodaboda. Lini narudi kazini?

Kwanza uwe unatembea bila gongo na daktari ameona mfupa mpya kwenye picha. Halafu jipime mwenyewe pikipiki ikiwa imezimwa, imesimama kwenye stendi. Mguu wa kulia ndio wa breki ya nyuma na kiki, wa kushoto ndio wa gia. Kama uliovunjika ni wa kulia, kanyaga breki kwa nguvu ya ghafla mara kumi mfululizo. Mguu ukisita hata mara moja, abiria wako hayuko salama. Rudi kwenye mazoezi, mkabidhi mwenzako pikipiki mkubaliane hesabu ya siku, uje nikuone baada ya mwezi.